Nyumba Isiyofungika

Upepo wa Oktoba hauna adabu ya kubisha hodi.
Umepita tundu la ufunguo, ukapanda ngazi,
ukafungua kabati la shangazi Gwenllian
aliyeturithisha nyumba hii ya mawe juu ya bonde la Dyfi:
vyumba tisa, mabomba yenye kikohozi,
na barua ya neno moja, *Msiuze.*

Hatukuuza. Sasa tunaishi jikoni.
Vyumba vinane tumeiachia baridi,
nayo hutembea humo usiku kama mwenye mali,
ikijaribu vitasa.

Emrys amejaza mchanga soksi zake kuukuu
akazilaza chini ya milango.
Mimi nimeshona pazia kwa blanketi la farasi;
linavimba, linanywea, linavimba,
utadhani ukuta una mapafu.
Jani la mwaloni limetua kwenye siagi.
Hakuna anayeuliza limepitia wapi.

Juu, kigae kimeng'oka.
Tunakisikia kikiteleza, tunanyamaza,
tunangoja.
Pwaa! kwenye kabeji.
"Cha kumi na nne," asema Nest,
anayeweka hesabu nyuma ya kalenda.

Sufuria zote zimekwenda kukinga maji.
Ya supu iko ngazini, ya maziwa juu ya piano,
kwa hiyo leo ni mayai tena:
kikaango ndicho pekee kisicho na zamu.
Tone la chumbani lasema *ti*, la ukumbini *ndu*,
na mbwa huinua sikio kwa kila moja
kama karani anayeitwa na mabosi wawili.

Saa tatu umeme unakatika.
Tunawasha mshumaa. Unazimwa.
Tunauwasha tena. Unazimwa.
Emrys, asiyecheka tangu Jumatatu,
anaugeukia mlango: "Haya, shangazi, puliza!
Umetimiza miaka mingapi?"
"Tisini na mitatu!" Nest anapiga kelele gizani,
na tunacheka mpaka mbavu zinapata joto
ambalo jiko limeshindwa kutupa.

Wamelala sasa, kwenye godoro moja, na makoti yao.
Dirisha la kaskazini lagonga, lagonga,
nami napapasa mezani nipate karatasi ya kukunja.
Iliyo karibu ni ya yule mnunuzi wa Cardiff,
yenye bei, na nafasi mbili za sahihi.

Naikunja mara nne, naishindilia ufani.
Kimya.

Kesho nitaichomoa,
ikiwa pepo zimetulia,
ikiwa kuna atakayeiulizia.