Jino Moja kwa Dakika Tano

Kazi nne, mashine moja.
Eibar, bondeni, ambako viwanda vimebebana migongoni
juu ya mto usiopata jua,
mvua inagonga mabati tangu Ijumaa
nami nina penseli, kifutio,
na karatasi ya ratiba iliyoloa pembeni.

Kazi nne zina mipango ishirini na minne.
Hiyo ningeijaribu yote kabla kahawa haijapoa.
Lakini wiki ile ya Machi zilikuwa kumi na mbili,
mipango ikapita milioni mia nne,
ningezeeka sijaonja hata robo.
Ndiyo maana tunatumia kanuni za mkato,
fupi, za kutoboa siku,
zisizoapa kwamba zimeona kila kitu.

Ya kwanza hata mtoto anaijua:
anayedaiwa mapema alipe mapema.
Nikapanga kwa tarehe.
Ekseli za pampu, saa mbili.
Gurudumu la saa ya mnara, saa sita,
(saa inakula saa, nikacheka peke yangu).
Pinioni za Arrizabalaga, saa tatu.
Gia za kinu cha kukandia unga, saa nne.
Nikajumlisha kwa vidole:
pinioni zinachelewa saa moja,
gia za mwokaji zinachelewa mbili.
Wateja wawili, simu mbili,
na ahadi ni deni hata kwenye mvua.

Ya pili alinifunza Nekane, aliyekikalia kiti hiki kabla yangu,
sigara mkono mmoja, kifutio mkono wa pili:
"Ukimwona wa kwanza kuchelewa, usimguse yeye.
Rudi nyuma. Katika foleni yote hadi hapo
tafuta aliyemeza muda mwingi kuliko wenzake.
Mtoe. Mpeleke mkiani.
Wa kuchelewa achelewe peke yake."
Kwa hesabu ya vichwa, kanuni hii haikosei.
Nimeijaribu miaka tisa, sijaishinda.

Nikafuta gurudumu la mnara.
Safu yote ikapumua.
Ekseli Jumatatu asubuhi, pinioni adhuhuri,
gia za unga Jumanne saa mbili,
zote kabla ya miadi yake.
Waliochelewa: mmoja.
Nikapigia mstari, nikaenda kulala.

Sikumpigia simu. Hilo naliandika pia.

Jumanne saa mbili kamili akaingia Bixente,
mtunza kanisa, kutoka huko juu basi linakofika mara moja kwa siku,
na gurudumu la zamani ndani ya gazeti,
meno yameliwa kama ya mbwa mzee.
Ndiyo kwanza Joxean alikuwa anafunga chuma chake kwenye mashine.
"Saa nane," nikamwambia. "Samahani."
Hakugomba. Akavuta benchi,
akakaa kuitazama kazi yake ikizaliwa:
meno sabini na mawili,
kila dakika tano jino moja,
mafuta meupe yakitiririka, chuma kikilia, kikinyamaza.

Baadaye akaomba kuiona karatasi.
Akaisoma kwa kidole, polepole, kama orodha ya marehemu.
"Hawa wote nimewapisha mimi?"
"Wewe."
"Wanajua?"

Nina safu ya muda, safu ya tarehe,
safu ya kuchelewa.
Nikashika penseli kana kwamba ingenisaidia.

Saa sita mchana akaja Garazi wa mkate,
unga kwenye nyusi, gari halijazimwa.
Gia zake zilikuwa rafuni tangu asubuhi,
saa nne zimelala zikipoa bure.
"Ninyi hamjawahi kuniangusha," akasema,
akatia sahihi, akamwona mzee benchini,
akamsalimu, akailaumu mvua,
akaondoka.

Bixente akamwitikia vizuri tu.
Kisha akageukia mashine,
midomo ikihesabu bila sauti,
na jino la arobaini na nane
likakatwa.