Safu ya Nyuma, wa Tatu Kutoka Kushoto

Matumbwitumbwi yalimlaza Hrayr
siku ile mpigapicha alipofika shuleni kwao,
hapa Vanadzor, theluji ya Machi ishakuwa tope uani.
Wenzake ishirini na mmoja walisimama, wakatabasamu walivyoamriwa.
Mama yake alikuwa ameshalipa, tangu Januari.

Kwa hiyo Mwalimu Siranush kapanda ngazi zangu,
ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu,
na flashi mkononi: picha ya mwaka huu, picha ya mwaka jana.
"Mtoe kule, Arpine, umtie huku."
Na mimi alinifundisha kusoma. Nikajikuta nimekaa wima.

Namkata kwa kipanya, ukingo kwa ukingo,
polepole, kama achambuaye miba ya samaki.
Shingo, sawa. Kola, sawa.
Sikio la kushoto limemezwa na utepe wa Gohar,
utepe mweupe, mkubwa kama kabichi.
Nakopa la kulia, naligeuza, nalipachika:
sasa ana sikio moja mara mbili, wala halalamiki.

Nakili.
Bandika.
Na kinachobandikwa hakina haya ya ugeni,
hakipigi hodi, hakisubiri kukaribishwa;
huangukia katikati, pwaa!
Hrayr huyo, kawafunika wenzake sita na nusu ya mwalimu mkuu,
jitu lenye pengo, linacheka.

Bi Siranush akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Miaka minne namfundisha," akasema,
"sijawahi kumwona katikati ya kitu chochote."
Akaniomba nisimsogeze kwanza.
Tukamtazama, chai ikapoa.

Kisha nikampunguza, nikamburuta.
Kulia, hapana: kasimama kama mlinzi wa benki.
Mbele, hapana: hana miguu, mwaka jana walimkatia magotini.
Nikawa nampeperusha juu ya vichwa vya watu
mpaka kidole chenye chaki kikagusa skrini.
"Hapa."

Safu ya nyuma, kati ya Varazdat na yule mrefu asiyechana nywele,
palikuwa na upenyo wa mabega mawili membamba.
Hakuna aliyewaambia wauache.
Ndipo anaposimama kila asubuhi wakipanga mstari;
miili yao ilikumbuka, wao wenyewe wakiwazia mpira.

Lakini tabaka lake liko juu ya yote,
anawakanyaga mabega walio mbele.
Nalishusha chini: anapotea kabisa,
maana wenzake ni karatasi moja, ukuta usio na mlango.
Hapa hapana njia ya mkato.
Ili mmoja akae nyuma
sharti walio mbele yake nao wakatwe.
Nikamkata Gohar na kabichi yake.
Nikamkata Varazdat, bega na nusu ya shavu.
Nikawarudisha palepale walipokuwa,
wasijue kwamba waliwahi kutoka.

"Meno yake yameshaota," akasema mwalimu, akitafuta glavu zake.
Ningeweza kumwazimia jino. Vinywa ishirini na kimoja,
haikosi la ziada.
Akafikiri hadi mlangoni.
"Liache pengo."
"Mama yake atagundua."
"Atagundua tu. Yule angegundua hata kitufe."
Akashuka, nikamsikia akimsalimu fundi viatu,
akimdai kisigino cha tangu Krismasi.

Usiku, nikihifadhi faili,
nikaona chini kabisa ya orodha tabaka moja lisilo na jina:
sikio la kulia, nakala ya kwanza, ile iliyokatwa vibaya,
peke yake juu ya miraba ya kijivu
inayomaanisha kwamba hapo hakuna kitu.
Nililizima lisionekane.
Kulifuta, sikulifuta.