Mara Arobaini na Moja

Saa nane usiku. Theluji imeziba dirisha.
Chizuru kazima kila taa, hata ya simu.
Chini ya lenzi, protini ya miguu miwili
inaburura furushi kubwa kuliko yenyewe
juu ya uzi usioonekana.

Anabonyeza. Buluu.
Imekwama, mguu juu.
Anairudishia giza: inashika njia
kama mtu aliyegeuka kuitwa, akakuta kaitwa mwingine.

Mara arobaini na moja. Chai imeshika utando.

Huko Otaru vidole vya babake
haviwezi tena kifungo cha shati;
ndani ya neva, wamemwambia, mizigo haifiki.

Anabonyeza tena, taratibu,
kama abishaye hodi
kwenye chumba ambacho mgonjwa
ndiyo kwanza kasinzia.