Betri ya Kukesha

Mwenye kambi alituonyesha nguzo kwanza,
kabla ya choo, kabla ya bomba:
soketi mbili chini ya kofia ya bati,
mita yake, na namba za tokeni
zilizoandikwa kwa mkaa ubavuni mwa jabali.
"Hapa Kayenze," akasema, "umeme upo. Chomekeni tu."

Shigela akaitazama ile nguzo
kama mtu anavyomtazama shemeji aliyewahi kumkopesha.
Miaka thelathini na moja alisoma mita za watu,
Kirumba, Igogo, Mabatini kwenye ngazi za mawe,
akabwekewa na mbwa na wenye mbwa.
Anajua umeme unavyokuja. Anajua zaidi unavyoondoka.

Kwa hiyo, betri.

Wiki nzima tulibishana,
mimi nikiwa upande wa pochi.
Trela lenyewe lilishakula nusu ya kiinua mgongo:
kibanda cha magurudumu mawili, mali ya zamani ya wapima barabara,
mpaka leo kinanuka chaki na soksi.
Nikasema, kama tunakwenda penye nguzo,
betri ya nini? Nani hubeba maji kwenda ziwani?

Tukashuka Makoroboi,
mtaa wenye jina la taa za mafuta
ambao siku hizi unauza jua ndani ya maboksi.
Kijana mmoja, Bwire, akagonga betri ya lori kwa kucha.
"Hii ni ya kishindo, mama. Inaamsha injini, inarudi kulala.
Ukiikesheza, mwezi wa pili unaizika."
Ya pili, nzito kama mtoto asiyetaka kubebwa:
"Hii ya maji inakesha, ila usiinywe kupita nusu."
Ya tatu nyepesi. Bei yake
ameiandika kwa kalamu nyembamba sana.
"Hizi ndizo wanazochukua watu wa dagaa.
Kule katikati hakuna nguzo."

Shigela akainyanyua ya tatu.
Nikanyamaza, nikahesabu
mabati ambayo hatutaezeka.

Nilinyamaza kwa sababu ya friji.
Friji ndogo, kimo cha debe,
na ndani yake, nyuma ya nyanya na sato wa kesho,
chupa nne za insulini. Zake.
Hilo hatulitaji. Tunasema "friji".
Tunasema "volti".

Usiku wa kwanza umeme haukukatika.
Wa pili haukukatika.
Nguzo ilitulia kama mwanafunzi siku ya mkaguzi.
Akakaa kwenye kidaraja cha trela, tochi mkononi,
akikitazama kile kioo kidogo: mia, mia, mia.
Betri imeshiba, haina la kufanya,
naye amenywea
kama aliyevaa koti la mvua kiangazi.
Mbali, taa za dagaa zilijipanga juu ya maji,
mji mzima usio na mita.

Usiku wa tatu, alipoanza kukoroma,
nilitoka pekupeku, mawe bado yana joto la mchana,
nikachomoa waya.

Friji ikanyamaza. Moja. Mbili.
Ikakohoa, ikaendelea.
Nikaketi nayo, khanga mabegani,
mia, tisini na sita, themanini na tisa,
mbu wakinitoza bila risiti.
Saa kumi na moja ikasoma sabini na nne.
Nikachomeka, nikarudi kulala na miguu yenye mchanga.

Asubuhi akakitazama kioo. Akakitazama tena.
"Nkwimba, usiku ulikatika?"
"Ulikatika. Saa saba hivi. Hukusikia?"
"Nilikwambia!" Kuku wa jirani wakatawanyika.
"Nilikwambia mimi!"
Akajidunga sindano yake huku anapiga mluzi,
nami nikainamia viazi, nikimenya, nikimenya,
na kule nyuma ya jabali mwenye kambi
ameshaanza kuapa kwa jina la mama yake
kwamba umeme wake haujakatika tangu Pasaka.