Poromoko Lisilotokea

Saa kumi na moja alfajiri, nje ya kibanda cha Elena,
nachokonoa theluji kwa mpini wa jembe la mama
wenye alama tisa zilizochomwa kwa kisu cha moto.
Mjomba Masereka ndiye aliyezichoma.
Alisema: usiitazame, isikilize.
Macho yatakuambia nyeupe, basi.

Theluji: neno lililotoka nchi za jangwa,
likapanda hadi kwetu likihema.
Sisi Wakonzo tuna letu, nzururu,
lakini moja wala jingine halitoshi
kumweleza mteja kwa nini leo hatupiti.

Siku tatu imenyesha Kilembe,
na mvua ya Kilembe huku juu haina sauti:
hushuka kama unga ukichekechwa,
ikalala juu ya ganda la juma lililopita,
ganda lililoyeyuka mchana, likaganda usiku,
likang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Kisha upepo wa Kongo ukaja,
ukaushindilia ule unga, ukaufanya ubao.

Alama ya kwanza, laini. Ya pili, laini.
Ya tatu mpini unakaza, kama kwenye ugali wa jana.
Ya nne, ghafla,
hakuna kitu.
Mkono unatumbukia hadi kiwiko
na kule mbali, chini ya miguu yangu yote miwili,
theluji inasema: hmm.

Si kelele. Ni ng'ombe anapojilaza gizani.
"Ikishusha pumzi," alisema mjomba,
"wewe zuia yako. Geuka."

Wambedde, daktari wa meno kutoka Mbale,
amefunga miiba viatuni tangu saa tisa.
Amelipa. Ameacha foleni ya wagonjwa.
Kesho kutwa anatimiza hamsini
na picha ameshawaahidi wanawe.
"Thembo, mbona mteremko umetulia?"
Na jino bovu, daktari, huwa linapiga kelele?
Hakucheka.

Nikachimba kwa kifuniko cha sufuria,
nikamkatia kipande, mraba, kama keki ya harusi,
nikakigonga kwa kiganja. Moja. Mbili.
Mara ya tatu tabaka la juu likachomoka
zima, kavu, kama droo iliyopakwa nta,
likamwangukia miguuni.
Akalitazama. Akatazama kilele
kilichokuwa kinaanza kuiva kama papai.
Akatazama saa yake.
Tukashuka.

Hadi Bujuku hakunena.
Mimi nikakaa juu ya mwamba, nimeupa uso mteremko,
na niseme ukweli, ingawa unaniaibisha:
nilitaka uporomoke.
Wote, kwa kishindo na moshi mweupe,
ili aone.

Haukuporomoka.
Jua la saa nne likaulamba, saa nane ukatiririka,
ukaisha kidogo kidogo kama mkopo.
Pale Nyakalengija alinipa mkono bila kunitazama.
Bakshishi aliwapa wapagazi.

Ningekuuliza, mjomba,
siku zile ulizogeuka, ulijuaje kwamba ulikuwa sahihi?
Najua ungejibu nini. Ungejibu kwamba hukujua,
ukaomba chumvi.

Mwaka huu nimepanda tena.
Pale nilipochimba pana mwamba,
ukoga mweusi, na maji yanayopita haraka
kama yana miadi.
Ngazi tuliyoiegemeza kwenye barafu inaning'inia,
mtu aliyeinua mguu akasahau anakokwenda.

Biira, binti yangu, yuko nyuma yangu, miaka kumi na minne,
kofia yake kubwa, maswali yake makubwa zaidi.
Anapapasa mpini. Alama tisa hizi ni za nini?

"Ya nne," namwambia, "ndiyo uiogope,"
nachomeka nimwonyeshe,
na mpini unagonga jiwe.