Gurudumu la Nne

"Washa swichi, usipige stata."
Taa zikaamka kwenye dashibodi: oili, betri, handibreki,
kila moja ikaitika jina lake.
Ya ABS haikuitika.
"Si ndiyo vizuri?" akauliza Mama Tumpe.
"Gari likiwa zima, mama, huwaka kidogo ndipo izime.
Isiyowaka kabisa, mtu kaing'oa ulimi."

Hapa Keko, chini ya turubai lililotoboka,
masika imekoroga oili na udongo ikapika uji.
Noah ikapanda jeki. Nikatoa mita,
niliyoikopa Gerezani na bado naidaiwa.

Ncha nyekundu, ncha nyeusi.
Mbele kushoto: omu elfu moja na mia mbili.
Mbele kulia: pungufu kumi. Hata mapacha hupishana.
"Zungusha," nikamwambia Shomvi,
na tairi lilipokwenda, namba zikapanda kiooni, zikashuka:
umeme usioweza kumshtua sisimizi,
lakini ndio unaoiambia breki, nazunguka, bado nazunguka,
nikikwama niachie kidogo nipumue.

Nyuma kushoto, salama.
Nyuma kulia, Shomvi alizungusha hadi jasho.
Mita ikaandika moja, pembeni mwa kioo, peke yake.
Hakuna njia.

Nikaufuata waya kwa kidole, nyuma ya shokapu,
tope, kutu, tope,
hadi penye fundo: tepu ya bluu,
imeviringwa kinyume, kwa mkono wa kushoto.

Mkono wangu ni wa kushoto.

Miaka saba nyuma, dalali, elfu ishirini:
"Zima tu hiyo taa, nina mteja jioni."
Waya nikaufunga macho, balbu nikaing'oa.
Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na koleo.
Sikuuliza kiti cha nyuma kitambeba nani:
watoto tisa wa chekechea na mabegi yao ya katuni,
mteremko wa Kurasini, mvua, lori la kontena mbele.

"Haya, bei gani?"
Maji yalidondoka turubaini. Shomvi alinitazama
kisha akaitazama ile tepu.
"Sensa utanunua. Balbu ninayo."
"Na ufundi?"
"Ufundi ulishalipwa."
"Na nani?"

Nikachukua mswaki mkuukuu,
nikapiga mswaki meno ya ile pete, jino moja moja,
nikihesabu kwa sauti nisije nikajibu.
Arobaini na tatu. Arobaini na nne.
"Zungusha, Shomvi.
Polepole."