Dakika Tisa

Twalib kaja asubuhi na ngazi na kisanduku cheupe,
kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, mwana wa watu huyo,
kauliza: "Bibi, tukiweke wapi?"
Nikamwonyesha kijimeza cha pembeni, chenye kitambaa cha kufuma,
pale simu nyeusi ilipokaa miaka arubaini na mmoja
na kufuli kwenye tundu la tatu,
kufuli la marehemu, aliyeogopa bili kuliko wezi.

"Na hii niitupe?"
Hiyo usiiguse, mwanangu. Kata waya tu.
Waya nitaanikia leso.

Hajui kuwa mkono huu unaomtilia chai
ulishika nyaya za mji mzima.
Nyumba ya simu, ghorofa ya pili, zamu ya usiku tulikuwa watatu:
mimi, na Salha wa Kuze, na Mghoi aliyeshuka kutoka Wundanyi
na sweta ambayo Mombasa haikumruhusu kuivaa hata siku moja.
Masikio yamebanwa, vidole vyachomeka, vyachomoa,
"Nairobi, nipe Nakuru. Nakuru, mwite mtu wako.
Haya, ongeeni."
Mapenzi ya watu, mahari ya watu, bei ya nazi,
yote yalipita vidoleni mwetu nasi hatukusikia kitu.
(Tulisikia.)
Dakika ya tatu ikitimu, mlio mara tatu,
twaingia katikati ya machozi:
"Muda umekwisha. Waongeza?"

Sasa Salha yuko Maskati kwa mwanawe,
Mghoi amerudi mlimani kwenye kabichi na baridi yake,
nami niko Kibokoni, na goti.
Tuliandikiana kadi, za Idi na za Krismasi,
kisha zikaja kadi za kukwangua,
shilingi mia yaliwa kabla ya salamu kwisha,
na salamu zetu huanzia kwa paka.
Kisha wajukuu wakatutia kwenye kundi.
Mghoi hutuma maua kila alfajiri, maua yanayometameta, Mola amsamehe.
Salha hatumi maua. Hutuma sauti, dakika saba, nusu yake kikohozi.

Twalib kabonyeza, kisanduku kikafumbua jicho la kijani.
"Ongea upendavyo, bibi. Mwezi mzima bei ni moja."
Upendavyo!
Neno hilo hatukufunzwa.

Alasiri nikampigia Salha.
Paji la uso likajaa kiooni, na nusu ya miwani.
"Shusha simu, mwana we, naona dari."
Mghoi akaingia, akaganda mdomo wazi kama mtu wa jino,
akatoka, akarudi, sauti mbele, midomo nyuma.
Tukacheka hata goti langu likacheka.
Robo saa tu, na habari za miaka zikaisha.

Kimya.
Kwetu sisi kimya ni waya uliokatika.
Nikasema, kwa mazoea:
"Mko? Muda umekwisha. Mwaongeza?"

Salha hakucheka.
"Wakumbuka usiku ule wa simu ya Lamu?
Msiba wa kakangu, mama alia upande wa pili.
Mlio ukalia mara tatu. Hukuingia.
Taa yangu uliifunika kwa kiganja, msimamizi asiione ikiwaka.
Dakika tisa. Wakakukata mshahara.
Sijakulipa."

"Na mimi," kasema Mghoi, "nilimvuta msimamizi nje,
nikamlilia kifo cha ng'ombe wetu.
Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzima kabisa."

"Basi leo usikate," kasema Salha.
"Iache hapo hapo. Nakwenda kukaanga."

Nimeiegemeza simu mpya kwenye ile nyeusi.
Maskati mafuta yalia.
Wundanyi mvua yapiga mabati.
Mimi nachambua mchele.
Adhana ya kwa Salha yaingia nyumbani mwangu,
yetu bado, jua lingali ukutani.
Hakuna asemaye.

Dakika ya tisa imepita, na ya kumi.
Jicho la kijani lawaka,
na kiganja changu, bila kuniuliza,
kimekwenda kulifunika.